Kwa Babake Muna, Ambaye Hakusafiri

Babake Muna,

Sijui nikuamkie vipi. Wewe ulikuwa mtu wa sabalkheri. Hata mtu akikukuta saa saba mchana, jasho likikutiririka, ulimwambia sabalkheri, naye akaona haya kukukosoa. Sasa nimekaa hapa jikoni, Muna yuko chuoni kwenye Kurani mpaka alasiri, mamako amelala chumbani kwake, nami nina kalamu mkononi kama mtoto aliyeitwa ubaoni na hana jibu. Nilizoea kukwambia mambo hata kabla sijayaelewa mwenyewe. Ulikuwa ukinisikiza mpaka mwisho, kisha wasema, "Haya, anza tena, mara hii polepole."

Basi naanza tena. Kama wanisikia ama hunisikii, hilo nalo liweke katika yale nisiyoyajua.

Eda imekwisha. Nimerudi dukani, Barabara ya Biashara, nauza leso kama zamani. Wateja wangu hunipa pole, wakanishika mkono kwa muda, kisha huuliza bei, nami sioni ubaya. Nguo zako nduguyo Twaha amezitoa sadaka, isipokuwa shati lile la buluu. Nilimwambia silioni. Liko chini ya godoro upande wako, na usiniulize namficha nani, maana hakuna aliyelitafuta.

Lakini si hayo yaliyonikalisha kitako. Ni habari ya Muna na ile skuli yako.

Nasema skuli yako kwa kuwa ni wewe uliyeiona. Mimi nilikuwa nimeridhika na skuli ya hapa Kibokoni, Muna angekwenda kwa miguu na watoto wa jirani. Ukaja siku moja umechangamka, umeshika karatasi yenye picha ya twiga anayeimba, ukasema kuna skuli ya watoto wadogo kule Kizingo, leo wanasoma Kifaransa, kesho Kiingereza, kesho kutwa Kifaransa tena. Nikakuuliza, "Na Kiswahili?" Ukaniambia, "Kiswahili si anacho? Tumpe asichokuwa nacho." Nikaliacha hapo. Si kwamba nilikubali. Wewe ulikuwa ukicheka, na ukicheka mimi hushindwa.

Nilikuuliza tena usiku wa siku ile, kwa nini Kifaransa, kwa nini si Kiarabu angalau. Ukasema ni kazi. Wale wateja wako wa kliaringi, watu wa Bujumbura na Lubumbashi unaowatolea kontena pale Kilindini, karatasi zao zote ni Kifaransa, na mtu anayekijua hakosi kazi mji huu. Nikaridhika. Sasa nasikia mamako ulimwambia jambo jingine. Yeye anasema ulimwambia ni ili mwana asije akamwogopa mtu yeyote, kwa kuwa wewe ulipokuwa mdogo uliogopa sana watu waliosema usichokielewa. Na Twaha, siku ya hitima yako, aliwaambia watu barazani kwamba ulimwambia hivi: "Nataka mtoto wangu awe na kitu ambacho sikumpa mimi." Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa ndani, nasikia, najiuliza nani kati yetu uliyemwambia kweli. Huenda zote ni kweli. Huenda ulikuwa ukimpa kila mtu jibu la kumtosha. Ningekuuliza leo, ungenipa la nne.

Acha nikwambie ilivyokuwa siku ile, maana wewe hukuiona yote.

Asubuhi ulimfunga Muna vifungo vya sare yake kama kila siku, mkasemezana kile Kifaransa chenu, mkatoka. Wakumbuka mamako alivyokuwa akilalamika? Muna amekuita "papa" mbele yake, naye akashtuka. "Papa ni samaki. Mwana amwita babake samaki mla watu, na nyinyi mwateka?" Tulizidi kucheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Basi siku ile pia alikuita hivyo pale ngazini, nikasikia sauti zenu zikishuka. Ukamfikisha skuli, ukaenda zako bandarini.

Haikufika adhuhuri Twaha akaingia. Aliingia na viatu vyake mpaka ukumbini, yeye asiyeingia na viatu nyumba ya mtu. Nikajua kabla hajafungua kinywa. Walisema ulishika kifua ukiwa kwenye foleni ya malori, ukakaa kitako kwenye kivuli cha lori moja, ukaomba maji. Yalipoletwa, hukuyahitaji tena. Alasiri ile ile wanaume wakakuchukua. Mimi nilikuona dakika chache tu, umeshafungwa sanda, wamekuachia uso. Nikasema nitakuangalia vizuri, na sikukuangalia vizuri. Nilikuwa natazama sikio lako. Sijui kwa nini sikio.

Muna alichukuliwa skuli na jirani, akapelekwa kwao, akapewa sambusa na katuni. Aliporudi nyumba imejaa watu na mikeka, akauliza uko wapi. Mimi nilikuwa chumbani nimekwisha kukalishwa eda. Mamako ndiye aliyemjibu. Nilimsikia kupitia mlangoni: "Babako amesafiri, mwanangu. Amekwenda mbali." Na Mungu anisamehe, nilishukuru. Kuna neno lilikuwa halina budi kusemwa, na limesemwa, na halikutoka kinywani mwangu.

Muna hakulia. Hilo lilitushangaza sote. Alikaa kando yangu na daftari lake la picha, akasema, "Sawa." Wanawake wakasema mtoto ana subira. Mimi pia nilisema hivyo.

Miezi ile ya eda mamako ndiye aliyempeleka skuli na kumrudisha kwa tuktuk, na magoti yake yale. Kila akirudi alikuwa na neno. Mara waalimu wanamfundisha kucheza. Mara mlangoni kumeandikwa mlango kwa lugha mbili, na hakuna hata moja ya nyumbani. Lakini lililomchoma hasa ni siku Muna alipoanguka uwanjani, akachubuka goti, akalia njia nzima mpaka Kibokoni. Mamako aliingia chumbani kwangu ametaharuki kuliko mtoto mwenyewe. "Yuwalia kwa Kifaransa," akaniambia. "Mwana akilia kwa lugha nisiyoiyua, mimi nitambembeleza vipi?"

Wewe ungekuwa na jibu.

Eda ilipokwisha nikampeleka mwenyewe. Tulipofika langoni, yule mwalimu wake, Madamu Odile, akaja akanishika mikono yote miwili. Unamjua, yule wa Bukavu, mrefu, Kiswahili chake cha kwao. Akanipa pole, kisha akasema, "Mama Muna, iko neno nataka tuongee." Tukasimama pale penye mlimau. Akaniambia Muna anasoma sana. Anasoma kuliko watoto wote, na si kwa kusukumwa, ana haraka, kama mtu aliye na tarehe ya kusafiri. Nikafurahi. Nilikuwa nimeanza kutabasamu. Ndipo akasema, "Anawauliza wageni kama walimuona baba yake."

Sikuelewa. Akanieleza tena. Kulikuja wageni kuitembelea skuli, wakiongea Kifaransa, na watoto walipangwa mstari wawaimbie. Muna akatoka mstarini, akaenda akamshika sketi mwanamke mmoja, akamwuliza kama huko alikotoka amemwona mwanamume mwenye shati la buluu na kalamu mbili mfukoni. Kwa Kifaransa safi, Madamu alisema, bila kosa hata moja. Yule mgeni hakujua lolote, akaona ni mchezo wa mtoto, akacheka akamjibu, "Labda."

Labda. Babake Muna, mtoto wako ameishi wiki nzima kwa ile labda. Madamu alisema alikuwa akiruka ruka.

Sikwenda dukani siku ile. Nilishuka nikakaa ufukweni Mama Ngina, kwenye ukuta wa bahari, jua kali, hakuna mtu ila wauza mihogo wakipanga majiko yao, nikajaribu kufikiri na sikuweza. Jioni Muna aliporudi nilimwuliza taratibu, huku namkatia embe, kama jambo lisilo na uzito. "Muna, Baba yuko wapi?" Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Si amesafiri. Amekwenda kule kwa Kifaransa."

"Nani amekwambia?"

"Bibi alisema amekwenda mbali. Na Baba alisema iko nchi mbali, mtu hatakujibu mpaka umwambie kwa Kifaransa. Akasema atanipeleka. Ametangulia."

Kisha akala embe lake. Ndipo nikajua ile haikuwa subira. Kulikuwa na jambo la kufanya tu, naye alikuwa akilifanya.

Nikamwambia mamako. Yeye akasema tusimwambie. "Mwana ni mdogo, hayui kufa ni nini. Mwache akue, atayua mwenyewe." Kisha akasema dawa ni kumtoa skuli ile. Akiacha Kifaransa ataacha kungoja. Nilikaribia kukubali. Ilikuwa na maana, ukiitazama kwa upande mmoja. Ukiitazama kwa upande wa pili, ni kumwondolea mtoto ngazi ilhali bado yuko juu.

Na kulikuwa na kitu kingine. Kila asubuhi ninapomfunga vifungo, kikifika cha mwisho, Muna huugeukia mlango akasema maneno fulani. Ve tu la shamu, papa. Ve tu la shamu. Husema kwa upole sana, kisha hungoja kidogo, ndipo anachukua mkoba wake. Nikadhani anakutumia ujumbe. Nikadhani anakuita, au anakulaumu, na mimi mamake nimesimama pale na kifungo mkononi kama mgeni. Nikayarekodi kwa simu, nikampelekea Madamu Odile anifasirie.

Akasikiza. Akasikiza tena. "Papa nimesikia," akasema. "Yale mengine sijui. Hii si Kifaransa, mama."

Nikamwambia ni Kifaransa alichokuwa akiongea na babake. Nikamwona Madamu anajizuia, midomo inamcheza. Kisha akasema, kwa heshima kabisa, kwamba wewe ulikuwa ukimsalimu kila asubuhi pale langoni, maneno mengi, umesimama wima, na yeye alikuwa akikujibu kwa adabu tu. "Lakini ile alikuwa anasema, sikujua ni nini. Ni bonjour tu nilikuwa naelewa."

Tulicheka, Babake Muna. Nilicheka pale langoni mpaka nikashika mlimau, wazazi wengine wakitupita na watoto wao, na katikati ya kucheka nikawa nalia, na Madamu naye, sijui alikuwa akicheka ama akilia. Hukujua Kifaransa. Miaka hii yote nawasikia mkisemezana pale ngazini, naona fahari, nasema mume wangu huyu ana akili, amekiokota bandarini kwa masikio tu. Na wale wateja wako wa Lubumbashi, nimewaza baadaye, si walikuwa wakiongea Kiswahili na wewe? Ulikuwa ukinidanganya mimi? Ama ulikuwa ukicheza na mtoto, nami nikasikia nilichotaka kusikia? Sina hasira. Natamani ningekuwa nayo, ningejua pa kuiweka.

Nilimwuliza Muna. Niliogopa kumwuliza, nikaona nitamvunjia kitu. Lakini alikuwa akijua. Akasema, "Cha skuli ni cha Madamu. Kile ni cha Baba." Ve tu la shamu maana yake kifungo cha mwisho, twende. Hiyo tu. Akaniambia yako mengine mengi, yako ya kunawa mikono, yako ya kuvuka barabara. Kisha akasema, "Nimewauliza wote darasani, hakuna anayekijua."

Hapo ndipo nilipoamua kumwambia. Usidhani ni ushujaa. Nilikuwa nimechoka kuona mtoto wa miaka sita akimtafuta mtu mahali nilipojua hayupo.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nilimkalisha kitandani kwetu, upande wako. Nilikuwa nimejiandaa maneno, na yote yakanitoka. Nikamwambia, "Baba hakusafiri. Baba alikufa. Siku ile ulipokula sambusa kwa jirani, alikuwa amekufa. Bibi alisema amesafiri kwa sababu alikuonea huruma, nami nikanyamaza kwa sababu niliogopa."

Akaanza kuvuta uzi kwenye shuka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hayuko kule kwa Kifaransa?"

"Hayuko."

"Yuko wapi?"

Nikamwambia mwili wake umezikwa, na roho yake iko kwa Mungu. Akauliza huko wanaongea nini. Nikasema sijui. Akauliza kama wanaongea kile cha Baba. Nikasema sijui. Nilisema sijui mara nyingi siku ile kuliko maisha yangu yote, na kila nikisema nilimwona akinisogelea kidogo. Mwisho alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kama watoto wote, na hakukuwa na lugha yoyote ndani yake, wala mimi sikuhitaji kufasiriwa. Nilimshika tu.

Mamako alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanikemea. Muna alipotulia akamwambia, "Bibi, nataka kuona alipozikwa." Nami nikamtazama mamako, kwa kuwa wajua kwetu wanawake hatuendi makaburini, na nikangoja aseme hivyo. Akakaa kwenye kiti chako, akavuta mtandio, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi huenda."

"Waenda wapi, Mama?"

"Kwake. Kila Ijumaa, nikikwambia naenda kwa Bi Salma kuangalia presha. Siingii. Husimama nde ya ukuta."

Babake Muna, Ijumaa zote zile nimemwandalia chai ya kurudia kutoka kwa Bi Salma.

Tukaenda wote watatu alasiri ile. Jua lilikuwa limelegea, mabuibui yetu yakipeperushwa na upepo, Muna katikati ametushika mikono. Mamako akatupeleka mpaka penye ukuta uliobomoka kidogo, mahali pake, hata chini pamekanyagwa. Akanyoosha kidole ndani. "Ni lile, lenye mti wa mwasumini." Tukasimama. Nikasoma Fatiha, mamako akasoma, Muna akasoma naye ile aliyofundishwa chuoni, kwa haraka, kama mtoto anayeogopa kusahau. Nikajihisi nimetulia kwa mara ya kwanza.

Akapita mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia makaburi maji. Akatusalimu, akauliza twamtafuta nani. Mamako akamtajia jina lako na jina la babako. Mzee akatafakari, akasema kwa upole kwamba lile lenye mwasumini ni la bibi mmoja wa Makadara, amezikwa zamani. Wale wa mwaka huu wako upande ule mwingine, nyuma ya miarobaini.

Mamako alikuwa amemwombea bibi wa watu miezi yote ile. Alimlilia, alimwambia mambo yake ya siri, nadhani. Nilimwona akitazama mwasumini, na uso wake sikuweza kuusoma. Nikamwambia nitampigia Twaha atuelekeze, yeye ndiye aliyekuzika. Akanikataza. Hakutaka mwanawe ajue kwamba yeye huja. "Mngu ayua dua zangu zilikokwenda," akasema. Kisha akamshika Muna mkono tukauzunguka ukuta mpaka upande wa miarobaini, na huko ukuta uko juu, hatukuona ndani. Muna akataka abebwe. Nikambeba. Nikamwuliza anaona nini. Akasema, "Naona mchanga mwingi, na mti, na paka." Nikamwuliza kama anamwona Baba, swali la kipumbavu, sijui lilinitokaje. Akasema, "Mama, si umesema amezikwa."

Hivyo basi mpaka leo sijui kaburi lako ni lipi. Mkeo wa miaka yote ile, nami nimesimama upande wa ukuta nikiwa nimembeba mwanao, nisijue niutazame mchanga upi. Nilidhani nikishamwambia Muna kweli, mambo yatakaa sawa. Yeye amekaa sawa zaidi yangu. Mamako pia, kwa namna yake. Ijumaa iliyofuata alikwenda tena. Nikamwuliza alisimama upande gani. Akasema pande zote mbili, kwa kuwa si vizuri kumwacha yule bibi ghafla.

Kuhusu skuli, mamako hajanikubalia na hajanikataza. Mimi nilimwuliza Muna mwenyewe, nikijua si swali la kumwuliza mtoto. Nilimwambia sasa Baba hayuko kule kwa Kifaransa, hana haja ya kufanya haraka, na akitaka atasoma hapa Kibokoni na wenziwe. Akafikiri. Akasema Madamu ameahidi kuwafundisha wimbo wa bata, na anataka kwanza ausikie huo wimbo. Basi tumebaki kwa ajili ya bata. Nikikosa sababu yako, nimechukua hiyo. Madamu anasema haraka ile imemtoka, siku hizi anakosea kama watoto wengine, na juzi alikataa kabisa kuandika. Aliniambia kama habari njema. Nami nikaichukua hivyo, ingawa njia nzima nilijiuliza kama ndivyo ilivyo.

Jana asubuhi nilimfikisha langoni. Kulikuwa na mtoto mgeni, msichana mwenye viatu vyeupe, ameshikana na babake, hataki kumwachilia. Yule baba akamwambia, "Tazama mwenzako huyu, halii." Msichana akamtazama Muna, akamwuliza kwa Kiswahili, "Wewe baba yako yuko wapi?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, na neno lililokuwa tayari ulimini, nakwambia kweli, lilikuwa ni "amesafiri."

Muna akajibu kabla yangu. "Baba yangu alikufa," akasema, kama mtu anayesema jana ilinyesha. "Wako anaitwa nani?"

Yule msichana akamtajia. Muna akamshika mkono, wakaingia ndani. Mimi na yule baba tukabaki pale tukitazamana, mpaka akaniambia pole, nami nikamwambia ahsante, tukaachana kila mtu na njia yake. Nilitembea kwa miguu mpaka Biashara. Sikujua kama nifurahi au nilie, na mpaka sasa sijajua. Nilifungua duka, nikatandika leso, akaja mteja.

Alasiri imekaribia, nitakwenda kumchukua chuoni. Nakuaga hapa, Babake Muna. Mungu akulaze pema, mahali popote ulipo nyuma ya ukuta ule, na akupanulie. Ninalokuahidi ni moja, kwa kuwa mengine siyamudu: mwanao akiniuliza habari zako nitamwambia ninalolijua, na nisilolijua nitamwambia sijui. Sitamjazia pengo kwa neno la kumridhisha. Hata akiniuliza kwa nini Kifaransa.

Mkeo,
Mamake Muna